Uzi: Theluji ya Colorado, mkojo wa ng'ombe, na swali la nani abebe lawama

Kuna hoja inayorudi kila mara kwenye mijadala ya siasa, iwe redioni, iwe humu mtandaoni: "Tusiweke sheria, tuwaachie wahusika wajirekebishe wenyewe." Leo ni viwanda, kesho ni matatu, keshokutwa ni mashamba ya maua. Upande mmoja unasema sheria itaua kazi za watu. Upande wa pili unasema hiari ni njia ya kukwepa. Tunarushiana maneno mpaka usiku na hakuna anayeleta mfano uliopimwa.

Mimi nimepata mfano uliopimwa. Shida ni kwamba uko mbali: juu kwenye theluji ya milima ya Rocky, jimbo la Colorado, Marekani. Nilikutana nao muhula uliopita kwenye somo la sera za umma, nikadhani nitasoma kurasa mbili nilale. Nililala saa tisa usiku. Kwa hivyo vumilieni, uzi ni mrefu. Sitataja mwanasiasa wala chama, mnajua kanuni ya hapa.

Tuanze na kitu chenyewe, naitrojeni. Hewa unayovuta sasa hivi, asilimia 78 ni naitrojeni. Lakini imejifunga kwa jozi ngumu sana hivi kwamba mmea hauwezi kuigusa. Ni kama kuwa na pesa kwa simu na umesahau namba ya siri. Kwa maelfu ya miaka waliokuwa na hiyo namba ni bakteria wachache tu, kama wale wanaoishi kwenye mizizi ya maharagwe, na radi pia kidogo. Halafu mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber akaonyesha jinsi ya kuifungua kwa joto na shinikizo, na kufikia 1913 kiwanda cha BASF pale Oppau kilikuwa kinatoa amonia kwa wingi. Ule mfuko wa CAN ambao mamangu anapanga foleni kuununua kule Trans Nzoia ni mjukuu wa kiwanda hicho.

Sasa, naitrojeni ikishafunguliwa haitulii. Inatembea. Na inapanda hewani kwa njia mbili kubwa, mzishike hizi mbili kwa sababu uzi wote unasimama hapo.

Ya kwanza ni moto. Injini ya gari, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, chochote kinachochoma kwa joto kali, kinatoa gesi za oksidi za naitrojeni. Ya pili ni mifugo na mbolea. Mkojo wa ng'ombe una yurea, yurea ikikutana na samadi inavunjika na kuwa amonia. Kama umewahi kufungua banda la kuku asubuhi likiwa lilifungwa usiku kucha, ile harufu inayokukata pua na kukutoa machozi ndiyo hiyo amonia. Banda moja si kitu. Lakini mashariki ya milima ya Rocky, kwenye tambarare za kaunti ya Weld, kuna mazizi ya kunenepesha ng'ombe ambapo zizi moja linaweza kuwa na makumi ya maelfu ya ng'ombe waliosimama pamoja. Karibu nao kuna mahindi ya kuwalisha, na mahindi yenyewe yamewekwa mbolea. Na kwenye miguu ya milima hiyohiyo kuna Denver na miji mingine inayokua haraka, magari kila pahali.

Juu yao wote kuna mbuga ya taifa ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa 1915. Miaka ya karibuni watu zaidi ya milioni nne wanaitembelea kwa mwaka. Wanaenda kuona milima, maziwa, theluji. Vitu visafi.

Kwa kawaida upepo huko unatoka magharibi, kwa hivyo hewa ya tambarare haipandi mlimani kila siku. Lakini kuna siku upepo unageuka, unatoka mashariki, unagonga mlima na kupanda nao. Hewa ikipanda inapoa, mawingu yanajitengeneza, mvua au theluji inaanguka. Ndani yake imebeba amonia ya mazizi na oksidi za magari, zikiwa zimeungana na kuwa chembe ndogo sana za chumvi. Kimsingi ni mbolea. Mbolea inaanguka kutoka mbinguni, bila risiti, bila ruzuku, kwa mtu ambaye hakuiomba.

"Si ni poa basi? Mbolea ya bure!" Najua kuna mtu ashaanza kuandika hivyo. Ngoja.

Kule juu sehemu kubwa ya mwaka ni theluji, na theluji haimwagi mzigo wake siku inapoanguka. Inaukusanya. Kuanzia Oktoba mpaka Mei, tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba inaongeza kidogo. Ni akiba ya miezi saba ambayo hakuna aliyeipangia kazi.

Halafu jua la Mei linafika. Hapa ndipo kuna kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, na mtakielewa bila kemia. Mnakumbuka zile barafu za vifuko tulizokuwa tunanunua tukitoka shule? Ukifyonza, rangi na sukari zinatoka kwanza, dakika mbili baadaye umebaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Theluji inafanya vivyo hivyo. Maji yakiganda, chumvi zinasukumwa nje ya fuwele, zinakaa pembeni. Kwa hivyo theluji ikianza kuyeyuka, maji ya kwanza kabisa ndiyo yanayoosha zile chumvi. Theluthi ya kwanza tu ya maji inaweza kuondoka na zaidi ya nusu ya mzigo wote wa msimu. Yanayofuata ni karibu maji matupu.

Fikiria muda wake. Mzigo wa miezi saba unatoka kwa siku chache, na unatoka wakati mimea bado imelala, kwa sababu kule juu msimu wa kumea ni wiki chache za kiangazi. Udongo ni mwembamba, na bonde lenyewe sehemu kubwa ni mwamba na mawe yaliyoporomoka. Hakuna wa kuupokea. Unateremka moja kwa moja kwenye vijito na maziwa.

Nimesema hakuna wa kuupokea, lakini nirekebishe kidogo. Chini ya theluji kuna maisha. Watafiti waliofanya kazi Niwot Ridge, hapohapo Colorado, miaka ya 1990 walionyesha kwamba theluji nene ikianguka mapema inakuwa blanketi. Udongo chini yake unabaki karibu na nyuzi sifuri, na vijidudu vinaendelea na kazi gizani, vinashika naitrojeni mwilini mwao. Theluji ikichelewa, au ikiwa nyembamba, udongo unaganda hasa, vijidudu vingi vinakufa au kusimama, na joto likirudi naitrojeni nyingi zaidi inaponyoka na maji. Maana yake, hata kama mazizi na magari hayajaongeza hata gramu moja, msimu mbaya wa theluji pekee unaweza kubadilisha kiasi kinachofika ziwani. Kumbukeni hili, kuna watu watalitumia kama kichaka cha kujificha.

Twende ziwani sasa. Ndani ya mbuga kuna bonde linaitwa Loch Vale, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna vyombo vinavyokusanya mvua na theluji huko, na vinapimwa mwaka baada ya mwaka. Mwanasayansi ambaye jina lake limefungamana na bonde hilo ni Jill Baron. Timu yake ilikuwa na tatizo moja la wazi: vipimo vinaanza miaka ya 1980, lakini miji na mbolea vilianza kuongezeka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ulipofika na mizani, mwizi alishaingia zamani.

Wakaenda kuuliza matope. Chini ya ziwa kila mwaka kunashuka tabaka jembamba la matope, na ndani yake kuna maganda ya diatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho ambao ganda lake ni kama kioo, haliozi. Wakachomoa nguzo ya matope, wakapima umri wa kila tabaka kwa kutumia risasi yenye mnunurisho ambayo inapungua kwa kasi inayojulikana, na wakahesabu maganda. Kwa muda mrefu sana jamii ya diatomu ilikuwa ileile. Halafu, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aina mbili zikaanza kutawala: Asterionella formosa na Fragilaria crotonensis. Hizi ni aina za maziwa yaliyoshiba virutubisho. Zinafahamika vizuri kwenye maziwa yaliyo karibu na mashamba. Hazikupaswa kuwa bosi kwenye ziwa la mlimani.

Kisha mwaka 2006 Baron akachapisha hesabu ya kurudi nyuma: kama tunajua kiasi kinachoanguka leo na tunajua jinsi uchafuzi ulivyokua, basi mwaka huo diatomu zilipogeuka kilikuwa kinaanguka kiasi gani? Jibu: karibu kilo 1.5 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, kwa kuhesabu ile tu inayoshuka na mvua na theluji. Kabla ya viwanda ilikuwa kama kilo 0.2. Na kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa kama kilo 3.

Nifanye hesabu ya nyumbani. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una takriban kilo 13 za naitrojeni. Kilo 1.5 kwa hekta ni sawa na kilo sita hivi za CAN. Ukigawanya kwa ekari, ni kama gorogoro moja. Gorogoro moja, ekari nzima, mwaka mzima! Mwambie mkulima wa Kitale kwamba hiyo ni nyingi mno, atakucheka mpaka akae chini. Yeye anaweka mfuko mzima na bado analalamika mahindi ni ya manjano. Lakini bonde la mlimani lilijijenga kwa maelfu ya miaka likiwa na njaa ya naitrojeni. Kila kiumbe pale kimezoea njaa hiyo. Ukimwaga gorogoro moja, walio na njaa kidogo wanashinda na wale wavumilivu wanasukumwa pembeni.

Sasa tumefika kwenye siasa yenyewe.

Ile kilo 1.5 ndiyo inayoitwa mzigo wa kikomo, yaani kiasi ambacho mfumo wa ikolojia unaweza kubeba kabla haujaanza kubadilika. Inaonekana kama namba ya sayansi tupu. Ni ya sayansi, ndiyo, lakini ndani yake kuna uamuzi. Kwa nini diatomu? Niwot Ridge, watafiti wengine waliangalia mimea ya juu ya mstari wa miti na kupata kwamba mmea mmoja mmoja, kama aina fulani ya jamii ya ndago, unaanza kubadilika kwenye kilo 4 hivi, na jamii nzima ya mimea kwenye kilo 10 hivi. (Mizani si ileile hasa, hizo zinahesabu naitrojeni yote, mvua pamoja na vumbi na gesi kavu. Lakini mnaona pengo.) Ukisema unalinda maua ya mlimani kwa ujumla, bado una nafasi ya kuchafua. Ukisema unalinda mwani usioonekana, ulishapita kikomo kabla baba yako hajazaliwa.

Kwa hivyo mtu akikuletea namba kwenye mdahalo, swali la kwanza lisiwe "imetoka wapi". Uliza imechaguliwa kumlinda nani. Kule Rocky Mountain walichagua kiumbe dhaifu kuliko wote, kwa hoja kwamba anayebadilika kwanza ndiye anayepiga kengele kwa niaba ya wengine. Mimi naona walichagua vizuri. Lakini ni chaguo, na mtu wa mazizi ana haki ya kusema "mnataka kuniwekea masharti kwa sababu ya mwani?" Hoja hiyo si ya kijinga. Inajibika, lakini si ya kijinga.

Inajibika vipi? Kwa sheria, kwa kiasi fulani. Marekani wana Sheria ya Hewa Safi ya 1970, na marekebisho ya 1977 yaliziweka mbuga kubwa za taifa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa hewa. Rocky Mountain imo. Kwa maneno mengine, Bunge lao lilishaamua zamani kwamba pahali kama pale hapapaswi kuharibika, hata kama hakuna mtu anayekohoa. Na kweli hakuna anayekohoa. Maji ya Loch Vale yako chini sana ya kiwango cha naitreti ambacho Marekani inaruhusu kwa maji ya kunywa, miligramu 10 kwa lita. Ungeyanywa usiumwe. Ndiyo maana suala hili ni gumu kisiasa: hakuna mgonjwa wa kupiga picha, hakuna mama anayelia kwenye habari za saa moja.

Mwaka 2004 makundi ya kutetea mazingira yakalalamika rasmi kwa serikali ya taifa. Mwaka 2007 idara ya mbuga za taifa, shirika la taifa la kulinda mazingira na idara ya afya na mazingira ya jimbo la Colorado zikakubaliana mpango. Na mpango ulikuwa na kitu ambacho ahadi nyingi za majukwaani huwa hazina: namba, na tarehe. Kutoka kilo 3 na ushee, ishuke mpaka 2.7 kufikia 2012, 2.4 kufikia 2017, 2.1 kufikia 2022, 1.8 kufikia 2027, na 1.5 kufikia 2032. Ngazi ya miaka 25. Kila baada ya miaka mitano mnapanda mizani hadharani.

Hapa naomba mtulie, kwa sababu ndiyo sababu ya uzi huu.

Zile njia mbili nilizosema mshike, moto na mifugo, zilitendewa tofauti. Moto ulikuwa tayari ndani ya sheria. Oksidi ya naitrojeni ni mojawapo ya vichafuzi sita vikuu ambavyo serikali ya taifa inaviwekea viwango, na juu ya hapo kuna masharti ya injini za magari na mitambo ya umeme. Hata ile ya kupambana na mvua ya asidi ya 1990 ilibana humohumo. Amonia haimo kwenye sita hizo. Mazizi yakaachwa yaingie kwa hiari: elimu, ushauri, utafiti, mbinu bora za kutunza samadi na kulisha ng'ombe protini isiyozidi mahitaji. Mwaka 2014 wakaanzisha jambo la maana sana kwa maoni yangu, mfumo wa tahadhari. Watabiri wa hali ya hewa wakiona upepo wa mashariki unakuja kupanda mlima, mwenye zizi anatumiwa ujumbe: ukiweza, ahirisha kumwaga samadi, ahirisha kugeuza mboji, usifagie zizi mpaka upepo upite. Hulazimishwi. Hakuna faini.

Na matokeo? Ngazi ya kwanza, ile ya 2012, haikufikiwa. Ukichambua kilichomo ndani ya mvua na theluji utaona picha imegawanyika. Naitreti, ile inayotokana zaidi na moto, imekuwa ikishuka. Amonia haikushuka, imeongezeka tangu vipimo vianze, na sasa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mlima ni uleule, theluji ni ileile, maabara ni ileile. Upande wenye sheria ulishuka, upande wa hiari haukushuka.

Mtu wa haraka angefunga uzi hapa na kusema "nimewaambia". Mimi sitaki kuwa huyo, kwa sababu kuna mambo matatu au manne yanayonisumbua.

Moja, kubana bomba la moshi ni rahisi kuliko kubana zizi. Gari lina bomba moja, mtambo una chimni moja, unafunga kifaa, unapima. Zizi ni hewa wazi. Amonia inatoka kila sentimita ya ardhi, na inabadilika kwa joto, kwa upepo, kwa chakula cha ng'ombe. Hata ungeandika sheria kesho, mkaguzi angepima wapi? Kwa hivyo sehemu ya tofauti ile si sheria dhidi ya hiari, ni urahisi wa kazi yenyewe. Uholanzi na Denmark wamejaribu kuibana amonia ya mashamba kwa sheria, samadi ifunikwe, iingizwe ardhini badala ya kurushwa juu, na ilishuka kweli. Lakini Uholanzi pia ndiyo nchi ambayo wakulima walifunga barabara kwa matrekta mwaka 2019 kwa sababu ya masharti ya naitrojeni. Inawezekana, na ina bei.

Halafu kuna ule mfumo wa tahadhari. Sipendi wanaoudharau. Ni rahisi, unamheshimu mkulima, na unagusa siku zile zenye madhara hasa. Kasoro yake ni kwamba ahirisho si punguzo. Ng'ombe hakojoi kidogo kwa sababu upepo umegeuka. Kazi ya samadi ikisogezwa mpaka Alhamisi, sehemu kubwa ya amonia itatoka Alhamisi, iende pengine, mahali ambapo labda hakuna mbuga wala mwanasayansi.

Na kuna ile habari ya joto. Kuanzia mwaka 2000 hivi naitreti kwenye maji ya Loch Vale ilipanda ingawa iliyokuwa inaanguka haikupanda kwa kiasi hicho. Timu ya Baron yenyewe iliandika kwamba chanzo kinaweza kuwa barafu ya zamani na mawe yaliyoganda kuyeyuka kwa sababu ya kiangazi chenye joto, na kuachilia naitrojeni iliyokuwa imehifadhiwa pamoja na ile ya vijidudu vinavyoamka. Hiki ndicho kichaka nilichowaambia. Mtu mwenye maslahi atasema: "Mnaona? Ni joto, si sisi." Lakini kuwa na wachafuzi wawili hakumtoi hata mmoja kwenye hesabu. Na ukiangalia vizuri, hoja hiyo inaongeza uzito: kama akiba ya zamani inaanza kuvuja yenyewe, nafasi iliyobaki kwa mzigo mpya ni ndogo zaidi.

La mwisho linanihusu mimi na wewe tunaopenda nyama choma. Ng'ombe wale hawafugwi kwa ajili ya mwenye zizi. Wanaliwa Denver, na wanaliwa na haohao wanaopanda mlimani Jumamosi kupiga picha za ziwa. Aliyeweka mzigo hewani, aliyefaidika, na anayelalamika, mara nyingi ni mtu mmoja kwa siku tofauti za wiki.

Kuna atakayeuliza: hii inatuhusu nini Kenya? Swali zuri, na sitalazimisha. Kilio kikubwa cha mashamba yetu ni naitrojeni kuwa kidogo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50, na Mei 2024 wakakutana hapa Nairobi kuahidi kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea katika miaka kumi. Mamangu anahitaji ule mfuko. Mtu asije akachukua uzi huu kumwambia aache.

Lakini jueni pia kwamba mazungumzo ya dunia kuhusu naitrojeni kuzidi yalifanyika Nairobi hiyohiyo. Machi 2019, pale Gigiri, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kwanza la namna yake kuhusu usimamizi wa naitrojeni, na Oktoba mwaka huohuo nchi kadhaa zikakutana Colombo, Sri Lanka, na kuweka lengo la kupunguza kwa nusu naitrojeni inayopotea kufikia 2030. Inayopotea, si inayotumika. Neno hilo moja ndilo linaloruhusu mkulima wa Trans Nzoia na diatomu ya Loch Vale kukaa meza moja. Mbolea iliyooshwa na mvua kabla mahindi hayajaila ni pesa ya mamangu iliyokwenda mtoni. Amonia iliyopaa kutoka zizi la Weld ni mbolea ambayo mtu mwingine atainunua tena mwaka ujao. Kila nikisikia mdahalo wa ruzuku ya mbolea, naona tunabishana mifuko mingapi, bei gani, nani aliiba. Ni nadra sana nisikie mtu akiuliza mfuko ukishamwagwa, ni kiasi gani kinaingia kwenye mmea.

Kwenye ratiba ya Colorado ngazi inayofuata ni 2027, kilo 1.8. Baada yake ni 2032, ile 1.5 yenyewe. Takwimu za Loch Vale zinachapishwa wazi, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzifuatilia, na mimi nitazifuatilia.

Maswali niachieni hapo chini, nitajibu nikitoka darasani. Anayejua mambo ya samadi kuliko mimi, na wako wengi, anirekebishe. Wa matusi mnajulikana, nitawazima bila onyo.